Tangi Langu Limekomaa

Sasa naweza kucheka, lakini Jumamosi iliyopita nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Hapa Kapsoya ni mimi pekee ninayefuga samaki wa maji ya chumvi sebuleni, na nimehakikisha kila mtu anajua. Nilichokosa ni matumbawe. Muuzaji wa Nairobi alikuwa ameniambia kwa simu, "Mwalimu, usikimbilie. Ukianza kuona madoa ya zambarau ya mwani, kama rangi imerukia ndani, hapo tangi limekomaa na matumbawe yataishi."

Miezi minne nilichungulia mawe ya tangini bila kuona kitu. Halafu asubuhi moja nikakuta madoa matatu ya zambarau kwenye kioo. Kabla hata ya kunawa uso nikampigia muuzaji. Nikaalika walimu wenzangu na pasta, na walipofika nikawapa somo refu kuhusu subira.

Muuzaji akaja na matumbawe kwenye ndoo. Akainama, akayatazama yale madoa, kisha akalikwangua moja kwa ukucha. Likabanduka.

"Mwalimu," akasema polepole, "hii iko nje ya kioo. Na ni rangi ya kucha."

Mke wangu akaingia na trei ya chai, na sote tukamtazama vidole. Zambarau tupu.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" akauliza. "Si hapo kwa taa ya samaki ndio naonanga vizuri nikipaka?"

Pasta ndiye aliyeanza kucheka. Muuzaji alikuwa ameshabeba ndoo yake.