Daktari alisema kipande kimebaki, mimi nikaambia kanisa wametoa yote

Wakuu, salamu kutoka Ekerenyo. Mvua imetutoa kwa shamba la chai, so wacha niseme ukweli wangu. Ukinichukia baadaye ni sawa, lakini sijaongeza chumvi.

Binti yangu Moraa, miaka minane, alifanyiwa operesheni Nairobi. Alikuwa na uvimbe kwa ubongo.

Ilipoisha, daktari aliniita kando peke yangu. Akasema kuna kipande hawangeweza kugusa, kiko karibu sana na sehemu inayosimamia kupumua. Hicho ndicho kinaweza kurudisha ugonjwa, kwa hivyo arudi kupigwa picha ya MRI kila miezi mitatu bila kukosa.

Mama Moraa akaniuliza, nikamwambia wametoa yote. Alikuwa amelia wiki nzima, jameni.

Sabato iliyofuata tukatoa ushuhuda. Kanisa likaimba, watu wakaleta ndizi mpaka tukakosa pa kuziweka. Sasa baada ya hapo utaanza aje kusema mtoto anarudi kupimwa? Si utaonekana umemfanya Mungu mwongo? Tarehe ya MRI ya kwanza ikapita hatujaenda. Ya pili pia.

Mama Moraa naye alikuwa na ulinzi wake. Hakuna kubeba ndoo kichwani, hakuna kusuka, hakuna mpira. Mimi kazi yangu ilikuwa kuitikia tu, eti safety first.

Halafu mtoto wa jirani akapiga mpira ukampata Moraa kichwani. Mama Moraa akamfokea, "Huo ugonjwa ukirudi, utanijua!"

Mtoto analia, mama yake anaomba msamaha, na mimi nimesimama hapo najua si mpira. Aibu ikanishinda. Nikasema yote mbele yao.

Mama Moraa aliingia ndani akatoka na faili ya hospitali. "Kesho asubuhi," akasema.

Tukarudi Nairobi, MRI ikaonyesha kipande kimeanza kukua. Daktari akasema bado ni kidogo, mionzi inaweza kusaidia. Ndoo na mpira havihusiki. Cha kuangalia ni kilichobaki, aina ya uvimbe, na kumaliza matibabu.

Mama Moraa akamuuliza, "Na tungekuja ile tarehe ya kwanza?"

"Tungekiona mapema zaidi."

Nilitazama viatu vyangu.

Moraa sasa anapigwa mionzi, anakula vizuri, na anatudai mpira. Wazee, daktari akikuita kando, ingia na mama watoto.

Kuna mwingine amewahi kuficha kitu kama hiki? Andikeni tu. Comments anasoma mama Moraa mwenyewe, kwa hivyo msinitetee.