Kikao Kilichozimwa Sauti

Fundi cherehani mmoja alikuwa na sikio la kushoto lililolala kabisa, na la kulia lililosikia likipenda. Mumewe alishazoea: akimtaka, alipiga meza. Shida ilikuwa kwenye kundi lake la kujitolea, watu wa nchi kumi na tatu wenye lugha moja na lafudhi lukuki, walioshona na kufuma kofia za watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Kila Jumamosi walikutana kwa video. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, alimwaga maneno bila kumeza mate. Fundi aliegemeza simu kwenye cherehani, akatabasamu, na kutikisa kichwa kila wenzake walipotikisa.

Kutikisa huko kukamponza. Siku moja mdogo wake, naye mwanachama, aliingia dukani kwake ameshika mbavu kwa kicheko, akamwinamia sikio la kulia.

"Hongera, dada! Umekubali."

"Nimekubali nini?"

"Kututafutia njia ya mawasiliano itakayomfaa kila mtu. Mwenyekiti amekuuliza kama una hakika, ukampungia mkono!"

Fundi akaweka mkasi chini. Miaka minne alikuwa amelificha kundi sikio lake, asije akaonekana mzigo. Kisha wazo likamjia, macho yakaanza kucheka. Akatuma tangazo: kikao kijacho ni cha majaribio, sauti zote zizimwe, watu waandike.

Jumamosi mwenyekiti alitokea na tai yake, mdomo ukaenda, hakuna kilichotoka. Akaanza kuchapa kwa kidole kimoja. Baada ya dakika tatu yakatokea maneno mawili: "Habari za". Fundi akajificha nyuma ya kofia, mabega yakitikisika.

Wengine, lo, walifurika! Jamaa aliyekuwa haonekani ila kwa picha ya chungu cha maua aliandika: "Mtandao wa huku hukata sauti. Miaka miwili nasikia 'karibuni' na 'kwaherini' tu. Na jamani, kofia zinabana. Wauguzi wa hapa wanazikata pindo." Hilo hakuna aliyelijua.

Fundi akajiona mjanja wa mwisho, mpaka simu yake ikaita. Ilikuwa namba ya mfumaji mwenzao asiyeona. Mdogo wake, aliyekuwa kando yake, akaipokea, akamrudishia maneno sikioni: "Anasema simu yake humsomea maandishi, ila leo mmeandika wote kwa pamoja, inapayuka kama soko. Anauliza, yeye si mtu?"

Kicheko kikamkauka fundi. Akawasha sauti, akasema mbele ya wote, "Nisameheni. Mimi sisikii vizuri. Miaka minne natikisa kichwa tu."

Mwenyekiti naye akawasha yake, akasogea hadi pua ikajaza kioo, akapaaza sauti. "Kumbe hata ule mzaha wangu wa mbuzi hukuusikia? Mbona ulicheka?"

"Nilicheka walipocheka wenzangu."

"Hawakucheka. Ulicheka peke yako!"

Siku hiyo walicheka wote, na kabla ya kuagana wakakubaliana: ajenda iandikwe siku mbili kabla, kikaoni waseme au waandike mmoja mmoja, na aliyeshindwa kujibu papo hapo ajibu ndani ya wiki, kwa maandishi au kwa sauti. Kofia ziongezwe upana wa kidole.

Kikao kilichofuata, fundi alinyoosha mkono kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kundi. "Sijasikia, mwenyekiti. Rudia." Mwenyekiti akarudia, taratibu, kwa adabu zote. Fundi akanyoosha tena: "Rudia."

Mara hiyo ya pili alikuwa amesikia vizuri tu.