Barua Pepe kwa Mwenye Eda

Khairiya, muuza udi wa Chang'ombe, kila Alhamisi aliwaandikia wateja wake barua pepe fupi, yenye jina la kila mmoja mwanzoni, kama alivyofundishwa kwenye semina ya wajasiriamali. Maneno aliyatunga mara moja. Majina yaliingizwa na kompyuta.

Alhamisi ile aliandika: "Mumeo akirudi leo, nyumba na inukie."

Miongoni mwa waliopelekewa alikuwamo Bi Manal, shoga yake wa tangu usichana, aliyekuwa ndani ya eda. Khairiya alikesha naye matangani, lakini hakukumbuka kuliondoa jina lake. Alipong'amua, alifunga duka akaenda mtaa wa pili kumwomba radhi.

"Shoga, nisamehe. Ile ni mashine tu, inawatumia wote."

"Najua ni mashine," alisema Bi Manal, bila kumkaribisha kiti. "Binti yangu alikuwa ananisomea kwa sauti. Alipofika kwenye 'mumeo' akanyamaza, mwanangu masikini, akatoka nje kulia."

"Leo hii nakuondoa."

"Nimeshajiondoa. Mmeweka kitufe pale chini, hakina hata usumbufu."

"Na eda ikiisha, mwenzangu?"

"Ikiisha nitajifukiza. Kwani mji mzima huu, mwenye udi ni wewe peke yako?"

Khairiya alirudi kwa miguu, kichwa chini. Mlangoni pa duka alikuta wanawake wamejipanga wakimsubiri, wakichekeana. Walikuwa wamesoma barua yake asubuhi, na wamependezwa nayo mno.