Kaburi la Mama Mkwe

Mume wangu, Masalu, ana domo. Nasema hivyo kwa heshima, maana Igoma nzima inajua domo hilo ndilo lililoikataa reli.

Walipokuja kupigilia vigingi vya treni ya kutoka mjini Nyamagana mpaka Kisesa, wengi tulinywea. Yeye alisimama kwenye mkutano wa mtaa na ovaroli lake la gereji, akawauliza wakubwa: mabilioni yote hayo ya nini, wakati mvua ikinyesha tunalala na maji ndani? Si watengeneze mitaro na barabara, waongeze mabasi? Watu wakapiga makofi. Tangu hapo, kila aliyetaka kuhama alimzuia. "Usibomoe hata choo," anamwambia. "Hii reli haipiti hapa."

Sasa kigingi kimoja kilikuwa uani kwetu, juu ya kaburi la mama yake. Baba yake naye amezikwa pembeni. Afisa mmoja akasema makaburi yatahamishwa na mkandarasi, na hapo ndipo mwenzangu alipoharibikiwa. Eti watu baki wamshike mama yake! Nikamwambia, "Baba Kija, si wewe unayesema haipiti? Subiri basi." Hakusubiri. Aliita ndugu na katekista, wakamhamishia mama Kisesa, shambani kwa mjomba. Baba angefuata baada ya mavuno.

Kabla ya mavuno, redio ikatangaza mradi umesitishwa, gharama ni kubwa mno. Mtaa ulikuja kumpongeza, wakambeba juu juu, naye anatabasamu kama mtu anayeumwa jino.

Alitaka kumrudisha mama. Dada yake mkubwa, Bernadeta, akakataa, na wazee wa ukoo wakasimama na dada. "Mama si gunia la mpunga, Masalu. Umeshamsumbua mara moja, inatosha. Na baba humgusi, hapa ndipo alipojenga."

Namhurumia, na hasira bado ninayo. Igoma nzima ilimwamini, yeye mwenyewe hakujiamini.

Shimo la mama hajalifukia mpaka leo. Mvua ikinyesha linajaa, nachota maji kwa ndoo kuku wasizame. Jana nilichoka, nikamwambia naita vibarua walifukie. Aliniangalia, machozi yakimlengalenga.

"Tukilifukia, Mama Kija, baba atajua kwamba mama harudi."

Sikuita mtu. Leo asubuhi nimechota tena.