Sentensi Ambayo Mzee Njoroge Hakuichapa

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu ameshanisamehe kwa hilo.

Nilikuwa kijana wa Kisumu, miaka ya sitini ikielekea kwisha. Baba na mama walikuwa wamefariki wakaniachia wadogo wanne. Niliacha shule darasa la sita. Sikuacha kwa ujinga wala kwa utundu, ila chungu cha wadogo hakisubiri mtihani. Nikawa mbeba magunia Mamboleo, pale barabara zinapokutana. Wafanyabiashara wa pale walipenda mpira lakini hawakuweza kuacha mali zao, kwa hiyo kila Jumamosi walinituma uwanjani kwa baiskeli. Nikirudi, niliwasimulia mechi nzima, nikiruka na kuanguka, nikiwa refa na mchezaji kwa wakati mmoja. Siku moja mtu aliyeleta magazeti kutoka Nairobi alinisikia, akampelekea mhariri wake sifa zangu. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika uandishi. Ukiulizwa nilisoma chuo gani, sema Mamboleo, juu ya gunia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mechi ikiisha, nilikimbilia simu ya hoteli moja mjini, nikapiga Nairobi na kuitoa habari sentensi kwa sentensi. Upande wa pili alikaa mpiga chapa, Mzee Njoroge. Sikuwahi kumwona. Nilijua sauti yake tu, na mlio wa mashine yake. Nikimaliza sentensi aliichapa, kisha akasema neno moja: "Endelea." Hakusifu, hakulaumu.

Mhariri alikuwa ameniambia, "Niletee habari ya kuvunja watu mbavu, nitakupa kazi ya kudumu." Kazi ya kudumu maana yake ilikuwa kwamba Akinyi, dada yangu anayenifuata, angebaki sekondari. Bila hiyo angerudi nyumbani muhula ule ule. Likumbuke jambo hilo, usije ukadhani nilikuwa na roho mbaya tu.

Basi Jumamosi hiyo timu yetu ilicheza na wageni kutoka Nairobi. Golini alisimama kijana mpya, Odundo, wa kutoka Awasi, kwa kuwa golikipa wetu wa kila siku alikuwa ameumia. Alicheza vizuri, lakini nani hukumbuka vizuri? Dakika za mwisho mpira ulikuja polepole, mpira ambao hata nyanya yangu angeudaka huku anaongea na jirani. Ukampita katikati ya miguu. Uwanja ukalipuka.

"Rudi Awasi ukachunge ng'ombe!"

"Mpeni kikapu!"

Tukafungwa. Firimbi ilipolia, tayari nilikuwa na sentensi yangu, inaniwasha ulimi kama pilipili. Nikashika simu, nikaitoa kwa madaha, kwa ajili ya gazeti la kesho yake: "Jana goli la Kisumu lililindwa na gunia la mahindi kutoka Awasi. Tunaliomba gunia radhi, maana gunia halipitishi mpira."

Nikangoja "Endelea." Mashine haikulia.

"Mzee, umenipata?"

"Nimekupata."

"Sasa mbona huchapi?"

"Huyo kijana, baada ya firimbi alienda wapi?"

"Sijui, Mzee. Mimi nilikimbilia simu."

"Aa. Na huko kwenu mtu akifiwa, mnapita nje ya boma lake mkicheka?"

Mzee hakujua amenigusa wapi. Baba alipokufa, nilikaa mlangoni nikiwatazama watu barabarani. Wapo waliopita wakiangalia upande mwingine, na wapo walioingia wakaketi nasi bila kusema neno. Wale walioketi, hadi leo nawajua kwa majina.

"Nenda kamwone," Mzee Njoroge akasema. "Nafasi yako gazetini nitaishikilia. Ukirudi na sentensi hiyo hiyo, nitaichapa. Lakini uiseme ukiwa umemtazama usoni."

Nilirudi uwanjani nikinung'unika. Odundo alikuwa ameketi nyuma ya goli, viatu vimening'inia shingoni, akingoja watu wapungue barabarani.

"Wewe si yule wa gazeti?" akaniuliza.

"Ndiye."

"Umekuja kuangalia kama nimekufa?"

"Nimekuja kukaa."

"Kaa basi. Hapa hakuna kiingilio."

Nikaketi. Akasema, "Baba hajui kusoma. Kesho baada ya kanisa mwalimu atamsomea gazeti mbele ya watu. Amewatangazia wote kwamba mwanawe anacheza Kisumu." Akavishika vile viatu. "Hivi ni vya kuazima. Nitavirudisha, halafu basi. Sirudi tena hapa."

Nilisema neno moja tu la kwetu, "Mos," yaani pole. Nikamsindikiza kwenye basi la Awasi. Njiani kijana mmoja alipiga kelele, "Golikipa! Funga miguu, basi lisipite!" Watu wakaangua kicheko. Hata mimi kicheko kilinifika kooni, mwanangu, kwa maana utani ulikuwa mzuri. Lakini nilikuwa nimeushika mkono wa Odundo. Nikahamia upande wa zile kelele ili nimkinge, tukaendelea kutembea.

Niliporudi kwenye simu, Mzee Njoroge alikuwa bado ananingoja. Nikasema: "Golikipa Odundo alikosa mpira mmoja na Kisumu ikashindwa. Aliyodaka kabla ya huo, watu wameisahau. Mechi ilipoisha alikaa nyuma ya goli lake, na hakumlaumu beki hata mmoja."

Mashine ikalia. "Endelea."

Mhariri aliitupa habari yangu ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la sabuni. Kazi ya kudumu sikupata. Akinyi alirudi nyumbani. Sitakudanganya: wema una bei, na pengine anayelipa si wewe. Nilipomweleza, alilia, akanipiga kisogoni kwa mwiko, kisha akauliza huku akijifuta machozi, "Na huyo Odundo, Jumamosi atacheza?"

Alicheza. Na nyuma ya goli alisimama mzee mwenye kofia ya kanisani, aliyetoka Awasi asubuhi. Mechi ilipoisha alinitafuta katikati ya watu. "Mwalimu aliponisomea gazeti, nilimwambia mwanangu arudi golini. Ni wewe uliyeketi naye?" Nikasema ni mimi. Alinishika mkono, na kwa muda mrefu hakuuachilia.

Tangu siku hiyo, kila mechi ikiisha, nilikwenda kwanza kwa walioshindwa. Niliwaandikia mistari michache chini ya habari kubwa, na polepole wasomaji wakawa wanaanza kusoma huko chini. Mhariri naye akaona, akanipa kazi. Akinyi akarudi darasani akiwa mrefu kuliko wenzake wote. Miaka ya sabini mistari ile ikawa kitabu cha kuwatia moyo waliokata tamaa, kikafuata kingine, nikaacha habari za mpira nikawa mwandishi wa vitabu, mimi wa darasa la sita. Kitabu cha kwanza nilikipeleka Nairobi mwenyewe nimpe Mzee Njoroge. Nikaambiwa amestaafu, amerudi kwao kulima. Mpaka leo sijaiona sura yake.

Basi sikia, mwanangu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ukimwona mtu ameanguka na neno tamu la kumcheka likakujia, limeze kwanza, uende ukaketi naye. Ukishamtazama usoni, sema unalotaka. Wala usihesabu hasara ya siku moja, hata ikiwa kubwa. Wazee walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele, na Odundo alikuwa shahidi wangu.

Mungu akupe miguu ya kuwafikia walioshindwa kabla ya wapiga kelele. Na siku mpira utakapokupita katikati ya miguu, maana utakupita tu, akuletee mtu wa kukaa nawe nyuma ya goli. Ukishapumzika, inuka. Endelea.