Nilijifanya mjuzi wa simba Dallas, nikajikuta mbele ya chui milia India

Wakuu, heshima kwenu.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Chumvi sitaongeza, maana chumvi yote niliimaliza enzi hizo na ndiyo iliyoniponza.

Ni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Naishi Carrollton, kitongoji cha Dallas kule Texas, na familia, nafanya kazi za kompyuta kwenye ofisi moja Dallas.

Wabongo wa huku mtanielewa. Ukisema tu unatoka Tanzania, swali linalofuata ni simba. Mwanzoni nilikuwa najibu ukweli: mimi ni mtoto wa Tanga mjini, na mnyama mkali niliyewahi kupambana naye ni bata mzinga wa jirani. Watu wananiangalia kama nimewanyima kitu.

Siku moja nikachoka. "Simba? I grew up with them!" Ofisi nzima ikafurahi. Nami nikanogewa.

Sasa pale ofisini kulikuwa na mzee mmoja engineer, Mhindi, tumwite Mzee Prakash. Hobby yake ni kupiga picha tiger, yule chui milia, tena wa porini, siyo wa zoo. Kila mwaka mwezi wa nne anarudi kwao, kwenye hifadhi moja ya msitu. Joto la mwezi huo huko halisemeki, ila ndio wakati wanyama wanatoka kufuata maji.

Mwaka ule rafiki anayekwenda naye aliugua. Mzee akaja mezani kwangu. "Wewe umekulia na simba. Twende."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Nuru, wewe hata paka unamkwepa! Kamwambie ukweli."

Nikasema nitamwambia kwenye ndege. Ndege ikatua, sijamwambia.

Msituni tulipanda jeep ya wazi. Dereva na guide mbele, sisi wawili nyuma. Mzee akampa guide kamera yake ndogo, atupige picha ya pamoja mnyama akitokea. Yeye akaweka kamfuko ka mchele kwenye ukingo wa gari, akalaza juu yake ile kamera kubwa isitikisike. Halafu akasema neno lililonimaliza nguvu.

"Jicho langu likiwa kwenye kamera sioni kingine. Wewe unawajua hawa. Ukiona anakasirika, niguse bega nirudi ndani."

Wakuu, uongo wangu sasa ulikuwa umebeba roho ya mtu. Na bado sikusema.

Siku mbili hatukuona kitu. Nikashukuru kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Ya tatu, asubuhi, nyani wakaanza kupiga kelele juu ya miti. Dereva akazima gari.

Chui milia akatoka. Jike, mkubwa kuliko nilivyodhani, na hatua zake hazina sauti kabisa. Nyuma yake kwenye nyasi kulikuwa na vitoto viwili. Mzee akainama nje ya gari mpaka kiunoni, kamera inalia tu.

Jike akasimama. Akalaza masikio. Mkia ukaanza kupiga kushoto, kulia.

Amekasirika? Anafukuza nzi? Sijui!

Nikamdaka mzee shati, nikamvuta kwa nguvu zangu zote. "Mzee, I lied! Sijawahi kuona hata simba! Sijui chochote!" Tukaanguka wote sakafuni. Nikasikia mngurumo mmoja, sitausahau, halafu dereva akawasha gari. Tulipoinuka, hakuna mnyama.

Kifua kikawa chepesi. Nilihisi nimetua mzigo wa miezi.

Mzee alisema kitu kimoja tu: "Ungeniambia Dallas."

Tuliporudi kazini ikawa salamu tu, basi. Iliniuma sana, kwa sababu nilikuwa nampenda yule mzee.

Jumamosi moja akanipigia simu. Enzi hizo tunatumia mkanda, na fundi anayemwamini kusafisha picha yuko Houston. Tuka-drive kwa muda wa saa nne. Nikajua naenda kusomewa mashtaka.

Dukani akapanga picha kwenye kaunta. Akaishika ile aliyopiga guide, akaiangalia muda mrefu, kisha akanisogezea.

Mimi nimeachama mdomo, nimeng'ang'ania shati. Mzee bado yuko nje nusu. Na chini yake, kando ya tairi la nyuma, kuna katoto ka tatu. Hakuna kati yetu aliyekaona. Mzee alikuwa ameinama juu ya mtoto wa watu, na mama mtu anamtazama; kumbe alikuwa amekasirika kweli.

Nikakaa chini palepale. Mzee akanishika bega.

"Mwakani twende tena," akasema. "Ila macho yatakuwa ya guide."

Nililia, wakuu, sioni aibu kusema.

Funzo langu: kama hujui, sema hujui mapema, kabla mtu hajakukabidhi maisha yake. Mliowahi kujifanya wajuzi ughaibuni, uwanja ni wenu, tiririkeni.