Kichefuchefu cha Mlimani

Mume wangu aliukubali mwaliko kabla hajaniuliza, akaja nao nyumbani Kibiti kama mtu aliyerudi na samaki mkubwa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, watu binafsi walipoanza kushika biashara ambazo zamani hazikushikika. Alikuwa ameacha duka la mchele la baba yake kule Mohoro na kuingia ubia na mzungu mmoja mtu mzima. Walikuwa na boti, wakiwapeleka wageni kwenye delta kutazama viboko, ndege na mikoko. Mzungu yule alikuwa na desturi yake: kila mwaka masika ikianza na wageni kukatika, alikwenda Nepal kutembea kwa miguu milimani. Safari hii alitaka twende naye sote wawili, tuwe wageni wake.

"Kutembea kwenda wapi?" niliuliza.

"Kutembea tu," mume wangu akasema. "Juu, halafu chini."

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na likizo ilikuwa karibu, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Nilichokuwa nacho ni hofu. Katika ndoa yetu nilikuwa nimepoteza mimba mbili mfululizo, na tangu hapo nilikuwa mtu wa kuogopa vitu vidogo: ndoo iliyojaa maji, baiskeli kwenye mchanga, ndoto mbaya. Mume wangu hakuwahi kunilaumu. Ila alikuwa na tabia ya kufunika jambo moja kwa kuanzisha jingine. Mimba ya kwanza ilipotoka alijenga jiko jipya. Ya pili ilipotoka alinunua boti. Nilihisi na hii Nepal ilikuwa ya namna hiyo hiyo.

Mama mkwe alikuja kutoka Mohoro kutuaga. Milima haikumtisha, kilichomtisha ni masanamu. Alikuwa amesikia kwamba watu wa huko huyasujudia.

"Miye siwakatazi," alisema. "Lakini nyama yao msile, na sala zisiwapite."

Makoti tulinunua Dar es Salaam kwenye mitumba, makoti mazito yaliyokuwa yamelala chini ya rundo kwa kukosa mnunuzi. Muuzaji aliniuliza kama nahamia ndani ya friji. Mume wangu alicheka hadi machozi. Mimi nilijaribu koti langu, nikalivua haraka, maana ndani yake sikuweza kupumua vizuri.

Ndani ya ndege ndipo nilipokumbuka kwamba siku zangu zilikuwa zimechelewa. Nikajiambia ni safari, mwili umeshtuka, kila mwanamke anajua mambo hayo. Nikalifungia wazo hilo mahali.

Kutoka mji mkuu wa Nepal tulipanda kandege kadogo kalikotutua kwenye kijiji kilichoning'inia ubavuni mwa mlima. Hapo, pamoja na wapagazi wawili wenye vikapu vya mizigo, alitupokea kiongozi wetu wa njia, mtu wa makamo, mfupi, Mbudha, mwenye shanga mkononi alizozizungusha kama sisi tunavyozungusha tasbihi. Kiingereza chake kilikuwa kama changu, cha kuokota neno na kulitua, kwa hiyo tulielewana naye kuliko nilivyomwelewa mzungu wetu. Mimi aliniita kwa neno la kwao lenye maana ya dada mkubwa. Alitueleza masharti: tutembee polepole, tunywe maji mengi, na kila jioni atatuuliza habari ya kichwa, chakula na usingizi. Alisema kule juu hewa ni haba, na aliowaona wakifa hawakuwa wale dhaifu. Walikuwa wale waliosema hawaumwi.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri, na mimi sikuziamini. Tulipita kwenye madaraja ya kamba za chuma yaliyoyumba juu ya mito myeupe, nami niliyavuka nikisoma kila sura niliyoijua. Njiani palikuwa na kuta za mawe yaliyochorwa dua zao, na desturi ilikuwa kuzipita kwa upande wa kushoto. Mume wangu alisitasita, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kufuata upande ule si kushiriki ibada yao. Nikamwambia ni adabu tu, kama kuvua viatu mlangoni kwa mtu. Vitambaa vya rangi vilivyoandikwa dua vilipepea kila kilima. Sala zetu tulisali tukielekea machweo, kwa sababu kule kibla kiko magharibi. Mimi niliyezoea kuelekea kaskazini tangu utotoni nilihisi kama mtu aliyegeuziwa kitanda.

Nyama hatukula. Tulikula wali na dengu, na wali ndio ulioanza kunitia wasiwasi. Mimi ni mtoto wa mashamba ya mpunga, nimelala kwenye dungu la miti shambani kulinda ndege, wali siwezi kudanganywa nao. Kadiri tulivyopanda, kila nyumba ya wageni tuliyolala ilitupa wali wenye kiini kigumu. Kiongozi alinieleza kwamba kule juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Wengine waliliona hilo la kuchekesha. Mimi niliwaza, kama maji yenyewe yanapungukiwa nguvu kule, kiumbe kisicho na nguvu kitakuwaje?

Kwa maana kufikia hapo wazo nililolifungia lilikuwa limetoka. Asubuhi moja harufu ya siagi ilinipiga, siagi ya wanyama wao wa manyoya marefu, wanayotia kwenye chai pamoja na chumvi na kuwasha kwenye taa za ibada. Nilikimbilia nje nikatapika nyuma ya rundo la kuni. Kichwa kilinigonga. Usiku nililala macho wazi. Hayo yote niliyajua, nilikuwa nimeyapitia mara mbili. Lakini hayo hayo ndiyo kiongozi alikuwa ametutajia kuwa dalili za ugonjwa wa mlimani: kichefuchefu, kichwa, kukosa usingizi. Hapakuwa na namna ya kutofautisha. Nikisema naumwa, tutateremshwa, na furaha ya mume wangu itakwisha. Nikisema nina mimba na isiwepo, nitakuwa nimempa tumaini na kumnyang'anya kwa mara ya tatu. Nikinyamaza, na iwe moja kati ya hayo mawili, nitajua tu itakapokuwa imechelewa.

Jioni kiongozi alipouliza, nilijibu kichwa kizima, chakula nimekula, usingizi nimepata. Aliniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akahamia kwa mwingine.

Tukafika kijiji chenye nyumba yao kubwa ya ibada, ambako watawa wenye mashuka mekundu huishi. Wenzangu waliingia kutazama. Mimi nilibaki nje, nikasema nimechoka. Ukweli ni kwamba harufu ya taa za siagi ilikuwa ikitoka mlangoni, na ngoma zao nzito zilinigonga tumboni. Nilirudi kwenye nyumba ya wageni nikaketi jikoni karibu na moto.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa rika langu, mtoto mgongoni, mwingine akimshika sketi. Hatukuwa na neno hata moja la pamoja. Aliniwekea kikombe cha chai yao, nikakisukuma. Akakinusa, akanitazama, akatoka na kurudi na maji ya moto matupu yenye tangawizi. Nikanywa. Akaniangalia nilivyokuwa nimeweka mkono, hata mimi sikujua kama nilikuwa nimeuweka tumboni. Akaonyesha mtoto wake wa mgongoni, kisha akaonyesha tumbo langu.

Nilitikisa kichwa kukubali. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukubali mbele ya mtu, na mara tu nilipokubali niliogopa zaidi, kwa sababu sasa kilikuwepo kitu cha kupotea.

Sijui alimwambia nini kiongozi. Nilimwona akimnong'oneza uani, na kiongozi akaja akachuchumaa mbele yangu huku shanga zake zimetulia.

"Dada, kesho hupandi," alisema. "Mwambie mumeo leo. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Nilimwambia chumbani, koti likiwa mwilini, kwa sababu baridi ilipita katikati ya mbao. Aliniuliza tangu lini. Nikasema labda tangu kabla hatujaondoka Kibiti. Akatoka nje. Nilikaa pale nikidhani amekasirika, nikasikia sauti zao ukumbini, yake na ya mzungu. Mzungu alisema tumebakiza kidogo tu tufike kwenye pito la juu, kati ya vilele, na kwamba wanawake wa milimani hupanda na kushuka wakiwa na mimba mpaka siku ya kujifungua.

"Hao wamezaliwa huku," nilimsikia mume wangu. "Huyu kazaliwa Rufiji."

Asubuhi mzungu aliendelea kupanda na mpagazi mmoja. Alituaga kwa mkono, hakuwa na furaha. Sisi tukashuka na kiongozi na mpagazi wa pili. Nilifikiri kushuka kungenipunguzia hofu. Lakini kabla ya adhuhuri, nilipojitenga nyuma ya jiwe kwa haja, niliona damu. Ilikuwa kidogo, kama ile ya mwanzo wa zile mbili nyingine.

Niliporudi njiani mume wangu alisoma uso wangu. Kiongozi na mpagazi waliongea kwa lugha yao, wakafungua mizigo, wakagawana vitu migongoni, na kikapu kikubwa kikabaki kitupu. Kule watu hubebwa kwenye kikapu kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso la mbebaji. Nilikataa. Niliona aibu, mtu mzima kubebwa kama muhogo. Mume wangu aliniambia, "Ingia, mke wangu. Nakuomba." Kwa miaka yote hakuwa ameniomba jambo.

Kikapuni mtu hukaa kinyumenyume, kwa hiyo sikuona tulikokwenda. Nilisikia tu pumzi za mpagazi na fimbo yake ikigonga mawe, na mbele yangu nilimwona mume wangu akitufuata. Alikuwa ametundika mizigo huku na huku. Kila mpagazi alipoteleza hata kidogo, alinyoosha mikono yote miwili, ingawa alikuwa mbali na asingeweza kudaka kitu. Aliendelea hivyo mpaka tulipofika kijiji cha uwanja wa ndege.

Mhudumu wa afya wa pale, mama mmoja mpole, alinipima, akasema hana namna ya kujua. Nilale, nisinyanyue kitu, tungoje. Na kweli tulingoja, kwa sababu mawingu yalifunga na ndege haikuja. Kila asubuhi tulisikiliza mlio. Kila nilipokwenda chooni mume wangu alisimama mlangoni, na nikitoka alinitazama usoni bila kuuliza. Hapakuwa na jiko la kujenga wala boti ya kununua. Alifua nguo zilizokuwa safi. Akajifunza kupika dengu. Mwisho hata hayo yalikwisha, akaketi ukingoni mwa kitanda changu.

"Wale wawili mimi bado nawahesabu," alisema. "Mtu akiniuliza nina watoto wangapi, namjibu sina. Lakini moyoni nasema wawili."

Sikuwa nimejua. Nilidhani nawahesabu peke yangu. Nilimshika mkono, tukalia pamoja, bila sauti, maana ukuta ulikuwa wa mbao na kiongozi alikuwa upande wa pili. Nadhani alisikia. Nilisikia shanga zake zikianza kugongana taratibu, na sikujali dua ile ilikwenda kwa nani kwa lugha gani.

Damu ilikata kabla mawingu hayajafunguka.

Dar es Salaam daktari alithibitisha mimba, lakini hakuahidi kitu. Barabara ya kwenda Kibiti wakati wa masika ilikuwa mashimo na tope, magari yakikwama na abiria wakisukuma, na mimi niliiogopa kuliko daraja lolote la kamba. Nilibaki kwa shangazi yangu mpaka mvua zikaisha. Mume wangu alinifuata na gari la kukodi, ametandika godoro nyuma, na njia nzima alimsihi dereva apunguze mwendo mpaka dereva akachoka kumjibu.

Hatukupitia nyumbani, tulikwenda moja kwa moja hospitali ya Mchukwi. Mkunga aliniwekea tumboni kile kipembe cha mbao, akainamisha sikio. Akakaa kimya. Akakihamisha. Akakaa kimya tena. Nilitazama dari, sikuthubutu kutazama uso wake. Akakihamisha mara nyingine, akafumba macho.

"Yupo," alisema.

Alimruhusu mume wangu aje asikilize, jambo lisilokuwa la kawaida siku zile. Aliinama muda mrefu, akasema amesikia. Baadaye aliniambia hakusikia kitu, ila mapigo ya damu yake mwenyewe masikioni.

Miezi iliyobaki sikuwa na siku moja ya raha. Mtoto alipocheza tumboni niliogopa anacheza sana, alipotulia niliogopa kutulia kwake. Mzungu alikuja siku moja na shali ya sufu kutoka kule, akaiweka mezani, akasema wakati ule hakujua kuhusu zile mimba mbili za kwanza, na angejua asingesema aliyoyasema. Mume wangu alimwambia ni kweli, hakujua, tulikuwa hatujamwambia mtu.

Mtoto alizaliwa Mchukwi mwishoni mwa mwaka, msichana, baada ya uchungu uliochukua usiku na nusu ya mchana. Mama mkwe alimfunga khanga, akampeleka kwa baba yake barazani ili amwadhinie. Nilimsikia kutoka kitandani. Alianza vizuri, kisha sauti ikamtetemeka, akapotea katikati ya adhana. Mama yake akamwambia avute pumzi. Akaanza upya.